Mafuta ya Dola na Haki ya Njia: Mhadhara kwa Watu wa Baraka na Fizi



Jambo nililoitiwa kulinena leo, kwa sura yake ya nje, ni jambo kavu la madaftari, mihuri na hesabu, ambalo watu wengi huwaachia wakubwa wa Kinshasa na makarani wa forodha. Lakini kwa undani wake linamgusa kila dereva anayekwama matopeni kati ya Baraka na Fizi, kila mama mjamzito anayebebwa kwa machela kwa kuwa gari haliwezi kufika kijijini kwake, na kila mvuvi wa Ubwari anayehesabu faranga zake kabla ya kuwasha mashine ya mtumbwi. Jambo hilo ni msamaha wa ushuru juu ya mafuta yanayonunuliwa na serikali, au yanayonunuliwa na wengine kwa jina la kazi za serikali na za umma. Na swali lililo mbele yetu ni je, mlango wa msamaha huo uachwe wazi kwa kila mwenye barua na muhuri, au ubanwe hata wapite wale tu ambao haja yao haina shaka?

Jibu langu nalitanguliza, ili mwenye kunipinga ajue tangu mwanzo ni wapi pa kunipinga. Mlango ubanwe. Nasema hivyo kwa sababu moja kubwa, ambayo mengine yote nitakayoyasema ni matawi yake: ushuru unaosamehewa katika mafuta ya serikali si mali ya yule anayeusamehe. Sehemu yake ni mali ya barabara, sehemu yake ni mali ya jimbo, na sehemu yake ni mali ya sekta na miji. Na si halali mtu kuwa mkarimu kwa amana ya mwenzake.

Lita moja na safari yake

Nchi yetu ya Kongo huchimba mafuta ghafi huko Muanda, kwenye pwani ya Atlantiki, lakini petroli tuiitayo huku esansi, na dizeli tuiitayo mazutu, hutoka nje ya nchi. Yale yanayofika kwenye pwani hii ya Tanganyika aghalabu hupakuliwa Dar es Salaam, yakavuka Tanzania yote hadi Kigoma, yakapakiwa majini. Au hupitia nchi jirani hadi Uvira, yakashuka kusini kwa Barabara ya Taifa namba 5, barabara ile ile inayopita Makobola, Swima na Mboko hata ikafika Baraka, ikapanda Fizi na kuendelea Kalemie. Kila daraja bovu na kila bariyeri katika safari hiyo huongeza kitu juu ya bei, hata lita inapofika Misisi au Kilembwe imekwisha kuwa bidhaa ya thamani.

Bei rasmi ya mafuta hupangwa na Wizara ya Uchumi wa Taifa kwa kanda za Magharibi, Mashariki, Kusini na Kaskazini, na ndani ya bei hiyo, pamoja na gharama ya kununua ughaibuni, kusafirisha na kuhifadhi, na pamoja na faida ya mfanyabiashara, mna stahiki za dola zilizopangwa moja baada ya nyingine: ushuru wa forodha, ushuru wa matumizi, kodi ya ongezeko la thamani, ambayo mnaijua kwa jina la TVA na ambayo tangu 1 Januari 2012 imekuwa asilimia 16, na tozo ya FONER, yaani Mfuko wa Taifa wa Matengenezo ya Barabara, uliowekwa kwa sheria ya 7 Julai 2008. Naomba tozo hii ya mwisho tuishike moyoni, kwa kuwa ina tabia isiyofanana na ya zile nyingine. Zile nyingine huingia katika hazina kuu na kuchanganyika na mapato mengine. Hii imekusudiwa tangu kuzaliwa kwake iwe malipo ya njia, kwamba anayechoma mafuta barabarani aichangie barabara kwa kadiri anavyoitumia.

Sasa tuwatazame wanunuzi wawili. Wa kwanza ni kijana wa pikipiki, anayenunua chupa au kidumu kwa wale wauzaji wa kando ya njia mnaowaita Kadhafi. Huyo hulipa bei aliyoambiwa, hana hati ya kuonyesha wala ofisi ya kumwandikia barua, na kila kilichomo ndani ya bei kinakuwa juu ya bega lake. Wa pili ni mwenye gari la kazi, lenye vioo vyeusi na bendera au alama mlangoni, ambaye mafuta yake yameingia nchini kwa hati ya msamaha. Wote wawili wanapita njia moja, na ukiupima uzito wa magari yao utaona ni yupi anayeichimba njia hiyo zaidi. Hapo ndipo dhulma inapoanza, ingawa hakuna aliyekusudia kudhulumu.

Asili ya msamaha na mipaka yake

Isidhaniwe kwamba msamaha wa kodi ni uovu kwa asili yake. Katiba yetu ya 18 Februari 2006, katika ibara ya 174, inasema mambo matatu kwa pamoja: kwamba kodi haiwekwi ila kwa sheria, kwamba kuchangia mizigo ya umma ni wajibu wa kila mtu anayeishi katika Jamhuri, na kwamba msamaha au upunguzo wa kodi hautolewi ila kwa sheria. Mambo haya matatu yamewekwa mahali pamoja kwa hekima, kwa maana mwenye uwezo wa kusamehe pasipo sheria ana uwezo ule ule wa kutoza pasipo sheria, kwa kuwa anachomwondolea huyu sharti mwingine akibebe.

Misamaha ya mafuta hupita katika milango mitatu. Mlango wa kwanza ni wa mikataba ya mataifa. Mkataba wa 1946 juu ya haki na kinga za Umoja wa Mataifa uliondoa ushuru wa forodha juu ya vitu vinavyoingizwa kwa matumizi rasmi ya Umoja huo. Na hata hivyo, mkataba huo huo unasema kwamba, kwa kawaida, Umoja wa Mataifa hautadai kuondolewa ushuru ulio ndani ya bei ya bidhaa za sokoni, isipokuwa panapokuwa na manunuzi makubwa, ambapo serikali hufanya taratibu za kusamehe au kurudisha. Tazameni jinsi hata wale wenye kinga kubwa kuliko wote walivyokubali mpaka. Mkataba wa Vienna wa 1961 ulifanya vivyo hivyo kwa mabalozi.

Mlango wa pili ni wa sheria zetu wenyewe. Sheria ya 20 Julai 2001 juu ya mashirika yasiyotafuta faida imeyapa mashirika ya misaada nafuu za kodi kwa ajili ya kazi zao, na sisi wa Fizi, tuliowapokea wakimbizi wa Burundi huko Lusenda tangu 2015 na baadaye Mulongwe, tunazijua kazi hizo na tunazishukuru. Kanuni ya Migodi ya 2002, kwa upande wake, iliweka ushuru wa asilimia 3 tu juu ya mafuta yanayoingizwa kwa ajili ya kazi za migodi, kwa matumaini ya kuvuta mitaji.

Mlango wa tatu ni wa dola yenyewe: ofisi zake, magari yake, majeshi yake, na wakandarasi wanaojenga kwa niaba yake. Mlango huu ndio mpana kuliko yote, na ndio usio na bawabu, kwa sababu bawabu wake ni mtumishi wa yule yule anayepita.

Madhara matatu

Madhara ya kwanza huiangukia njia. Pindi msamaha unapogusa tozo ya matengenezo, kila lita inayosamehewa huwa ni koleo moja lisilofukia shimo. Kamati za wenyeji za kutunza barabara, zile mnazoziita CLER, ambazo kazi yake ni kusafisha mitaro, kukata majani na kuziba mashimo kabla mvua haijayageuza kuwa mabonde, haziwezi kulipwa kwa ahadi. Barabara ya udongo haifi kwa siku moja. Hufa kwa mtaro mmoja ulioziba, maji yakapita juu ya njia badala ya pembeni, na msimu wa mvua unapokwisha hapana njia tena. Matengenezo ya kila siku ni ya gharama ndogo, nayo yakikosekana huleta ujenzi mpya wa gharama kubwa, ambao nao hungojea mkopo, na mkopo hungojea miaka.

Madhara ya pili ni ya bei mbili. Mahali popote ambapo kimiminiko kimoja kina bei mbili, mafuta hufuata bei kama maji yafuatavyo bonde: yale ya bei ndogo hutafuta njia ya kwenda kuuzwa kwa bei kubwa, na hapana askari wa kutosha wa kuyazuia. Jirani zetu wamelijaribu jambo hili na kulijua kwa gharama. Tanzania ilikuwa ikitoza ushuru mdogo sana juu ya mafuta ya taa kwa nia njema ya kumhurumia maskini mwenye koroboi, na matokeo yake wafanyabiashara wakayachanganya na dizeli, wakaharibu mashine za watu na kuipunja hazina, hata mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita, ili kuiondoa tamaa kwa kuiondoa tofauti. Kenya nayo, mwezi wa Septemba 2018, iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyo hiyo. Ikiwa huruma kwa maskini iliweza kugeuzwa kuwa mlango wa ghushi, itakuwaje huruma kwa ofisi, ambayo haina njaa wala giza nyumbani kwake? Mafuta ya kazi yaliyosamehewa ushuru yanapotoka ghalani kwa kidumu na kuuzwa kando ya njia, hasara huwa maradufu: hazina imekosa kodi, na kazi iliyokusudiwa haikufanyika.

Madhara ya tatu ni ya hesabu. Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha inayotolewa katika bajeti huandikwa, hujadiliwa na wawakilishi, hukaguliwa na Mahakama ya Hesabu. Fedha inayosamehewa haipiti katika mikono hiyo, kwa kuwa haikuingia hata itoke. Wizara mbili zinaweza kuwa na bajeti ya mafuta iliyo sawa kwa tarakimu, moja ikawa inalipa kodi na nyingine ikawa imesamehewa, na mbunge anayezisoma akadhani zinatumia sawa, ilhali moja imechoma lita nyingi kuliko mwenzake. Israfu inayofichwa namna hii haina anayeikemea, kwa kuwa haina anayeiona.

Je, ni mkono ule ule?

Wapo wanaopinga, na hoja yao ya kwanza ina nguvu, kwa hiyo sharti ijibiwe kwa hesabu. Wanasema: serikali ikijitoza kodi yenyewe inahamisha fedha kutoka mkono wake mmoja kwenda mkono wake mwingine, na kazi yote hiyo haizidishi hata faranga moja.

Na tuhesabu. Ofisi ikinunua mafuta ambayo bei yake kabla ya TVA ni faranga 1,000,000, kodi hiyo peke yake ni faranga 160,000. Ibara ya 175 ya Katiba imeamuru kwamba asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni fungu la majimbo, linalokatwa kwenye chanzo chake. Basi faranga 64,000 ni za majimbo. Sheria ya 7 Oktoba 2008 juu ya miji, wilaya za miji, sekta na himaya za machifu imeamuru kwamba asilimia 40 ya fungu la majimbo iende kwao. Basi faranga 25,600 ni za maeneo kama mji wa Baraka na sekta za Lulenge, Mutambala, Ngandja na Tanganyika, pamoja na wenzao wote wa nchi hii. Mikono imekuwa mitatu. Anayesamehe faranga 160,000 kwa jina la Kinshasa amesamehe faranga 64,000 zisizokuwa za Kinshasa, wala hakuwauliza wenyewe.

Mtanijibu kwamba mafungu hayo hayafiki kama Katiba ilivyoamuru, na kwamba majimbo yamelalamika kwa miaka mingi. Ni kweli, na ni aibu. Lakini deni lisilolipwa ni deni ambalo lingali lipo, lenye kudaiwa. Mapato yasiyokusanywa hayana hata deni. Sekta inaweza kudai sehemu yake ya kilichoingia hazinani. Haiwezi kudai sehemu ya kilichosamehewa mlangoni.

Hoja ya pili ni ya vita. Wanasema: tangu Februari 2025, Bukavu ilipotwaliwa na waasi wa M23, dola imo katika hatari, na si wakati wa kulitoza jeshi kodi ya mafuta. Hakuna mtu wa Fizi, nchi iliyoonja vita tangu 1964 na kuzika watu wake waliouawa Makobola mwaka 1998 na 1999, atakayelichukulia jambo hili kwa wepesi. Lakini kumpa askari mafuta ni jambo moja, na kumpa mafuta yasiyoandikwa ni jambo jingine. Ikiwa jeshi lahitaji lita nyingi zaidi, bajeti yake na iongezwe kwa uwazi pamoja na kodi iliyomo, ili lita zihesabike kutoka ghala hadi tangi. Kwa maana mafuta ya vita yakiishia kuuzwa barabarani, wa kwanza kuachwa mlimani bila gari ni askari mwenyewe, na wa pili ni mwanakijiji aliyekuwa akimngojea.

Hoja ya tatu ni ya uchache wa fedha: kwamba ofisi zetu ni maskini, na zikilipa kodi zitasimamisha magari. Nami nasema, ofisi ambayo gari lake haliwezi kwenda ila kwa mafuta yenye kodi iliyosamehewa, na umaskini wake uandikwe waziwazi katika bajeti, upate kutibiwa, kuliko kufunikwa kwa hati ya msamaha.

Wenzetu na sisi wenyewe

Kubana misamaha hii si ndoto ya mtu mmoja. Kongo yenyewe imekwisha kuanza kuutembea mwendo huo. Katika mpango wa miaka mitatu uliokubaliwa na Shirika la Fedha la Kimataifa mwezi wa Julai 2021, wenye thamani ya yapata dola bilioni 1.5, suala la mafuta lilikuwa miongoni mwa mambo makubwa. Na bei za dunia zilipopanda mwaka 2022 baada ya vita vya Ukraine kuanza, serikali, iliyokuwa ikishikilia bei ya vituoni chini ya gharama halisi, ikajikuta ikiwiwa fedha nyingi mno na kampuni za mafuta. Ndipo ikaazimia kuzitoa kampuni za migodi katika nafuu ya bei, kwa kuwa hapana adili katika nchi ambayo mchimbaji mwenye mitambo mikubwa ananunua mafuta kwa bei ya mwenye pikipiki, tofauti ikilipwa na mwenye pikipiki. Kanuni iliyotumika kwa migodi ndiyo ninayotaka itumike kwa dola: nafuu ifuate haja, isifuate cheo.

Uingereza ilikuwa kwa miaka mingi na dizeli yenye rangi nyekundu, iliyotozwa kodi ndogo na kuruhusiwa kwa kazi nyingi zisizo za barabarani; tarehe 1 Aprili 2022 ikaziondoa kazi nyingi katika ruhusa hiyo, zikiwamo za ujenzi, na kuwabakizia wakulima, reli na wachache wengine. Marekani, kinyume chake, ingali inaziondolea serikali za majimbo na za miji kodi ya serikali kuu juu ya petroli, ambayo tangu 1993 ni senti 18.4 kwa galoni. Lakini inafanya hivyo kwa madai ya kurudishiwa yenye kumbukumbu, na kwa dizeli iliyotiwa rangi, hata mkaguzi akichovya kijiti katika tangi ajue mara moja ni mafuta ya nani. Huo ni msamaha mpana wenye daftari. Wetu usiokuwa na daftari hauwezi kuuchukua upana ule.

Kwa jirani zetu wa karibu, Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 210, imeagiza kwamba kila msamaha wa kodi uandikwe pamoja na sababu yake na kupelekwa kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na kwamba hakuna sheria itakayomwondolea afisa wa dola kodi kwa sababu ya cheo chake. Katiba ya Uganda, ibara ya 152, imemtaka mwenye mamlaka ya kusamehe kodi atoe taarifa bungeni kila baada ya muda. Maagizo haya hayahitaji mitambo wala wataalamu wa mbali. Yanahitaji karani mwaminifu na mkubwa anayekubali kuulizwa.

Nani abaki ndani

Kubana si kufunga. Imepokewa katika vitabu vya Hadithi kwamba Khalifa Umar bin al-Khattab alipomweka mtumishi wake Hunayy kuwa msimamizi wa malisho yaliyohifadhiwa kwa ajili ya umma, alimwagiza awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache waingie, na ajihadhari na makundi ya Ibn Auf na Ibn Affan, ijapokuwa hao walikuwa masahaba wa daraja ya juu. Kwa kuwa matajiri hao, wanyama wao wakifa, wana mitende na mashamba ya kurejea, ilhali maskini, wanyama wake wakifa, atakuja na watoto wake kwa Khalifa kuomba riziki. Sisi tulio hapa, Waislamu kwa Wakristo, tuna haki ya kuifuata hekima hiyo: kwamba hifadhi ya umma iliwekwa kwa ajili ya dhaifu, na kwamba heshima ya mtu si hoja ya kumwingiza.

Basi nani abaki ndani ya malisho? Nasema abaki yule ambaye lita moja ikimkosa roho ya mtu inapotea. Hospitali ya Baraka na ile ya Nundu, kwa jenereta inayowasha taa ya chumba cha upasuaji usiku. Friji za chanjo katika vituo vya afya ambako umeme haujafika. Gari la wagonjwa. Mitambo ya maji safi katika pwani hii ambako kipindupindu hakikomi kurudi. Abaki pia mwenye kuokoa watu wakati wa maafa. Mwezi wa Mei 2025 mafuriko yalipoizamisha Kasaba, katika sekta ya Ngandja, usiku watu wamelala, kijiji kile kilikuwa hakifikiki ila kwa njia ya ziwa. Misaada ikapita majini, na boti haliendi kwa huruma, huenda kwa mafuta. Mafuta ya boti la namna hiyo na yasamehewe, tena kwa haraka, pasipo kungojea muhuri wa tatu.

Na nani atoke? Watoke magari ya wakubwa yanayokwenda mikutanoni, misafara, magari ya ofisi yanayoonekana sokoni siku ya Jumapili, na wakandarasi ambao katika bei ya mkataba wao wamekwisha kuhesabu kila kitu, kisha wakaomba msamaha juu ya kilichokwisha kuhesabiwa. Kwa mkandarasi kuna jambo la kuongeza: msamaha usio na kiasi humpa haki ya kuagiza lita kwa kadiri apendavyo, basi kila mkataba wa barabara na uandikwe idadi ya lita unazozihitaji kwa kazi iliyopimwa na mhandisi, na lita itakayozidi ilipiwe.

Namna ya kutenda

Njia ninayoipendekeza ina hatua tatu. Kwanza, kodi ilipwe na kila mnunuzi, serikali ikiwamo, wakati wa kununua, na mwenye haki ya msamaha arudishiwe baadaye kwa kuonyesha stakabadhi, kitabu cha safari cha gari au saa za jenereta; hospitali zisizo na akiba, na wenye kuokoa watu wakati wa maafa, wapewe malipo ya kutangulia, ili utaratibu usimuue mgonjwa tuliyekusudia kumponya. Pili, tozo ya FONER isisamehewe kwa gari lolote linalotembea barabarani, liwe la nani, kwa maana tairi haina cheo. Tatu, majina ya waliosamehewa, idadi ya lita na sababu, yabandikwe kila miezi mitatu katika ofisi ya mji wa Baraka, katika ofisi ya teritwari kule Fizi na katika kila sekta, kwa Kiswahili kinachosomeka.

Hatua ya tatu ndiyo inayotuhusu sisi, maana sheria hutungwa mbali, lakini gari huonekana hapa. Mwanakijiji wa Lubondja hawezi kuikagua hazina ya taifa. Anaweza kusoma karatasi iliyobandikwa ukutani isemayo kwamba ofisi fulani ilisamehewa kodi ya lita kadha kwa kazi ya kukarabati njia ya kijiji chake, kisha akaitazama njia hiyo kwa macho yake na kusema kama ni kweli au si kweli. Hapana mkaguzi atakayemzidi kwa maarifa ya mahali hapo.

Kwa hiyo nawaomba wabunge wetu waliotumwa kutoka Fizi waiombe orodha ya misamaha ya mafuta kabla ya kupitisha bajeti nyingine, na wasiipitishe kabla ya kuisoma. Nawaomba wakuu wa sekta nne waandike kwa pamoja kudai fungu lao la kila kodi iliyolipwa na hesabu ya kila kodi iliyosamehewa. Nawaomba viongozi wa mashirika, wa dini na wa vyama vya waendesha pikipiki na wenye maboti wasimame pamoja nao. Nanyi wananchi, msiogope kuuliza mafuta haya ni ya nani, yamesamehewa na nani, na kwa kazi gani. Kodi ya mafuta tunailipa sote tusiokuwa na barua. Aliyeuchukua mzigo ana haki ya kuuliza kwa nini mwenzake anatembea mikono mitupu, na serikali inayomwogopa Mungu na kuwaheshimu raia wake ina wajibu wa kumjibu.